Alama za usugu wa vimelea vya malaria: Asia, Amerika ya Kusini na Afrika zikilinganishwa, na zipi za kupima kwanza Tanga

Katika zahanati moja ya Muheza mtoto mwenye homa huchomwa kidole. Tone la kwanza hufutwa kwa pamba, la pili huingia kwenye kipimo cha haraka, na iwapo mistari miwili imejitokeza, matone mengine mawili au matatu hudondoshwa juu ya karatasi ya kuchujia na kuachwa yakauke. Wakati wa masika kazi hiyo ndogo huwa ngumu. Doa lililopaswa kukauka kabla ya adhuhuri hushinda na unyevu hadi jioni, na likifungwa mfukoni kabla halijawa na rangi ya kahawia iliyokolea, bila punje za kunyonya unyevu, ukungu hulishambulia na vinasaba vilivyomo huharibika. Hata doa lililokauka vizuri hubeba vinasaba vichache vya vimelea, na fedha za vitendanishi huwa chache zaidi. Ndipo linapozuka swali ninalokusudia kulijibu: kati ya mabadiliko mengi ya vinasaba yanayovipa vimelea usugu wa dawa, yapi yapimwe kwanza hapa Tanga, na yapi yanaweza kusubiri?

Njia nyepesi ni kuchukua orodha iliyotokana na utafiti wa Kambodia na kuitumia kama ilivyo. Naona kufanya hivyo ni kosa, na ulinganisho unaofuata unaeleza kwa nini. Alama ya usugu inastahili kupimwa mahali fulani ikiwa inatimiza masharti mawili: iwe na uwezekano wa kuwepo katika vimelea vya mahali hapo, na jibu lake, liwe ndiyo au siyo, liweze kubadilisha uamuzi kuhusu dawa. Alama isiyotimiza sharti la pili inaweza kuwa na mvuto mkubwa kwa mtafiti, lakini haimsaidii mganga mfawidhi wa zahanati.

Kwa msomaji asiyezoea maandishi haya, K76T maana yake ni kwamba katika nafasi ya 76 ya protini, asidi amino iitwayo lisini (K) imeondoka na nafasi yake imechukuliwa na threonini (T). Herufi ya kwanza ni ya zamani, ya mwisho ni mpya, na namba ni mahali badiliko lilipotokea. Mabadiliko yote ninayoyataja ni ya Plasmodium falciparum, kimelea kinachosababisha sehemu kubwa kabisa ya malaria nchini Tanzania.

Jeni ya crt na klorokwini

Klorokwini hukiua kimelea ndani ya kifuko anachomeng'enyea himoglobini ya binadamu. Jeni ya crt hutengeneza protini iliyomo kwenye utando wa kifuko hicho, na badiliko la K76T huiwezesha protini hiyo kuitoa dawa nje kabla haijafanya kazi. Usugu huu ulionekana mwishoni mwa miaka ya 1950 katika pande mbili za dunia zilizo mbali sana, yaani mpakani mwa Thailand na Kambodia, na nchini Kolombia. Kila upande ulikuwa na muundo wake: katika nafasi za 72 hadi 76, vimelea vya Asia ya Kusini-Mashariki vilibeba mfuatano wa CVIET, na vile vya Amerika ya Kusini vikabeba zaidi SVMNT. Mfuatano wa Asia ndio uliosambaa Afrika, na Afrika Mashariki ilianza kuuona usugu huo mwaka 1978. Hata hivyo, katika sampuli za Korogwe za mwaka 2004 ulipatikana pia SVMNT, jambo ambalo halikutarajiwa katika bara hili, na ambalo linapaswa kumkumbusha kila anayepima Tanga kwamba mkoa huu haufuati ramani za vitabuni kikamilifu.

Tofauti iliyo muhimu kwa uchaguzi wetu ilitokea baada ya dawa kuachwa. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, na jaribio lililochapishwa mwaka 2006 likaonesha kwamba dawa hiyo iliponya tena karibu watoto wote waliopewa, kwa kuwa vimelea visivyo na K76T vilikuwa vimerudi na kutawala. Tanzania Bara nayo iliiacha mwaka 2001, na hapa pia vimelea vya asili vimerejea kwa wingi. Kimelea chenye badiliko hilo hulipa gharama: pasipo dawa, huzidiwa na wenzake. Amerika ya Kusini na sehemu kubwa ya Asia hazikupata nafuu hiyo, kwa sababu klorokwini iliendelea kutumika kutibu malaria ya Plasmodium vivax, aina nyingine ya kimelea cha malaria, na vimelea vya falciparum vilivyo katika jamii hizo viliendelea kukutana na dawa. Kwa Tanga, basi, crt ni alama ya kufuatilia mara moja tu kila baada ya miaka kadhaa.

Jeni za dhfr na dhps: hapa Tanga ina historia yake

Mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini, ambao wajawazito wengi wanaufahamu kwa jina la SP, huzuia kimelea kutengeneza foleti, aina ya vitamini kinayoihitaji ili kuzaliana. Pirimethamini huzuia kimeng'enya cha dhfr na sulfadoksini huzuia kile cha dhps, na usugu hujengeka hatua kwa hatua katika jeni zote mbili. Kwa dhfr, kwa kawaida S108N hutangulia, kisha N51I na C59R huongezeka. Badiliko la nne, I164L, ambalo huidhoofisha pirimethamini kabisa, limeenea Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika ya Kusini, lakini barani Afrika limebaki kuwa nadra.

Mkoa wa Tanga uliingia katika habari hii mapema mno. Katika miaka ya 1950, katika kijiji cha Mkuzi kilichopo Muheza, wanakijiji walipewa pirimethamini kwa utaratibu ili kuwakinga, na haukupita muda mrefu vimelea vilivyoihimili vikajitokeza. Yaani usugu wa pirimethamini ulizaliwa hapa kwetu, mbele ya macho ya watafiti. Pamoja na hayo, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2004 ulionesha kwamba vimelea vyenye mabadiliko matatu ya dhfr vilivyokuja kutawala Afrika vilikuwa na asili ya Asia ya Kusini-Mashariki. Mambo haya mawili hayapingani. Usugu unaweza kuzaliwa nyumbani na vilevile kuletwa na mgeni, na mara nyingi anayeenea zaidi ni yule anayestahimili dawa zaidi, popote alikotoka.

Kwa dhps, tofauti kati ya Afrika Mashariki na Afrika Magharibi ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mashariki, A437G na K540E husafiri pamoja na zimeenea sana. Magharibi, K540E ni chache, na hiyo ni sababu mojawapo iliyowezesha nchi za Saheli kuwapa watoto SP pamoja na amodiakwini katika miezi ya mvua kwa ajili ya kinga, mpango ambao huku kwetu usingekuwa na msingi uleule.

Badiliko ninaloomba lizingatiwe kuliko yote katika sehemu hii ni A581G. Likijiunga na mengine matano, yaani matatu ya dhfr na mawili ya dhps, SP hupoteza sehemu kubwa ya nguvu iliyobaki. Barani Afrika badiliko hili limejikita katika maeneo machache, na kaskazini mashariki mwa Tanzania ni mojawapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka ukanda huu ulilazimika kusitisha mapema uandikishaji wa watoto, kwa sababu matibabu ya SP yalishindwa kwa asilimia 82.2 kufikia siku ya 28, na asilimia 55 ya sampuli zilikuwa na badiliko la nafasi ya 581. Mwaka huohuo ilichapishwa habari ya majaribio ya kuwakinga watoto wachanga wa Korogwe kwa SP: dawa hiyo haikuwakinga, ilhali meflokwini ilipunguza malaria. Na kutoka Muheza, uchunguzi wa kondo la nyuma la akina mama waliotumia SP wakati wa ujauzito uliwaonesha watafiti vimelea sugu vikiwa vimeshamiri pale ambapo wenzao dhaifu walikuwa wameondolewa na dawa. Matokeo hayo ya Muheza yalizua mjadala mrefu, kwa sababu tafiti za maeneo mengine hazikuona madhara hayo kwa uzito uleule.

Mwanafunzi anayesoma takwimu hizo atasema SP iondolewe kliniki kesho asubuhi. Hapo ndipo ninapomwomba asubiri. Katika kliniki ya wajawazito mama huketi kwenye benchi akiwa na kikombe cha maji, hupewa vidonge vitatu na kuvimeza mbele ya muuguzi. Akiuliza, "Dada, mbona nasikia dawa hizi hazina nguvu tena?", muuguzi humjibu, "Mama, bado zinakusaidia wewe na mtoto, zimeze nikuandikie kadi." Jibu hilo lina ukweli zaidi ya anavyodhani mwanafunzi wetu. Jaribio kubwa lililofanyika Kenya, Malawi na kaskazini mashariki mwa Tanzania, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2023, lililinganisha SP na dawa ya dihidroartemisinini-piperakwini kwa kuwakinga wajawazito. Dawa hiyo mpya ilizuia malaria vizuri zaidi, lakini haikuleta matokeo bora ya uzazi kuliko SP. Kwa baadhi ya vipimo, ikiwamo ukuaji wa mtoto tumboni, SP ndiyo iliyokuwa mbele. Inaonekana SP ina manufaa mengine yasiyotokana na kuua vimelea vya malaria.

Kwa hiyo kupima dhps kuna maana gani? Kuna maana kwa sababu maamuzi ya aina hii hayafanywi kwa ndiyo au hapana ya nchi nzima. Kizingiti ambacho wataalamu wamekuwa wakikitumia katika kuitathmini SP ya wajawazito ni K540E kuzidi asilimia 95 pamoja na A581G kuzidi asilimia 10. Pale mabadiliko haya mawili yanapofikia viwango hivyo kwa pamoja, kinga dhidi ya malaria yenyewe huwa imekwisha, na mama anahitaji chandarua, kupimwa mara kwa mara na tiba ya haraka kuliko mwenzake wa mkoa mwingine, hata kama ataendelea kumeza SP kwa ajili ya uzito wa mtoto. Asiyepima nafasi ya 581 hataweza kumtofautisha mama wa Muheza na mama wa mkoa ambao badiliko hilo halijafika.

Jeni ya K13 na artemisinini

Tangu mwishoni mwa mwaka 2006 dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali Tanzania Bara imekuwa dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, yaani Alu. Sehemu yake ya artemisinini, yaani artemetha, huamshwa na bidhaa za himoglobini inayomeng'enywa na kimelea, kisha hukishambulia kimelea haraka. Mabadiliko ya K13, jeni iliyo kwenye kromosomu ya 13, hukipunguzia kimelea kichanga ulaji wa himoglobini, na dawa hukosa kitu cha kuiamsha. Usugu unaotokea ni wa sehemu tu: vimelea huondoka polepole, na darubini huvikuta bado vipo siku ya tatu, lakini mgonjwa hupona ikiwa dawa ya pili katika mseto bado ina nguvu.

Habari hizi zilianzia magharibi mwa Kambodia, ambako taarifa zilichapishwa mwaka 2008, na jeni yenyewe ikatambuliwa mwaka 2014. Badiliko lililotawala huko ni C580Y. Myanmar lilijitokeza zaidi F446I. Badiliko lilelile la C580Y lilizuka pia Guyana na Papua New Guinea, bila kuletwa kutoka Kambodia.

Afrika imefuata njia nyingine. Nchini Rwanda badiliko lililoenea ni R561H. Kaskazini mwa Uganda ni C469Y na A675V. Eritrea ni R622I, ambalo lilipanda kutoka asilimia 8.6 mwaka 2016 hadi asilimia 21.0 mwaka 2019, huku baadhi ya vimelea hivyo vikiwa pia vimepoteza jeni ya hrp2 ambayo kipimo cha haraka huitegemea. Kwetu Tanzania, R561H imeonekana mkoani Kagera. Katika sampuli za mwaka 2021 ilifikia asilimia 22.8 Karagwe, asilimia 14.4 Kyerwa na asilimia 1.4 Ngara. Wilaya hizo zote tatu zipo mkoa mmoja, na bado Karagwe imeizidi Ngara mara kumi na zaidi. Ndiyo maana siamini kwamba takwimu ya Karagwe inaweza kusomwa kama takwimu ya Tanga, wala kimya cha Tanga kuwa ushahidi wa usalama.

Sasa fikiria maabara iliyonunua vitendanishi vya kupima C580Y peke yake, kwa sababu ndilo badiliko maarufu. Maabara hiyo ingepima sampuli za Karagwe na kutoa taarifa safi kabisa kwamba hakuna usugu. Vilevile, maabara inayosoma K13 nzima bila kujua tofauti hizi inaweza kushtuka ikikutana na A578S, badiliko linaloonekana mara kwa mara Afrika ambalo halihusiani na usugu wa artemisinini. Kwa Tanga, kipimo cha nafasi moja hakitoshi; sehemu yote ya jeni inayoitwa rafadha, ambamo mabadiliko haya hutokea, inapaswa kusomwa, na majibu yasomwe na mtu anayeijua orodha ya Afrika.

Sababu ya Asia kutangulia nayo ina uzito katika uchaguzi. Kambodia maambukizi ni machache, watu wana kinga ndogo, karibu kila anayeambukizwa huugua na kutumia dawa, na mara nyingi damuni mna aina moja tu ya kimelea. Kimelea sugu kikizuka, hakina wa kushindana naye. Vijijini Muheza na Korogwe mtu mzima anaweza kubeba vimelea bila homa na bila kumeza dawa yoyote, na mtoto mmoja anaweza kuwa na aina tatu au nne za vimelea kwa wakati mmoja. Hilo huchelewesha usugu, lakini pia huuficha: kimelea sugu kilicho wachache ndani ya mchanganyiko kinaweza kupita bila kuonekana na kipimo kisicho makini. Na kadiri vyandarua na tiba vinavyopunguza malaria Tanga, ndivyo mazingira yetu yanavyosogea kuelekea yale ya Kambodia. Hiyo ni sababu ya kuendelea kupima baada ya wagonjwa kupungua.

Dawa wenza

Kambodia iliathirika vibaya kwa sababu K13 iliungana na usugu wa piperakwini, unaohusishwa na kuongezeka kwa nakala za jeni za plasmepsini 2 na 3 na mabadiliko mapya ya crt. Vimelea hivyo vilisambaa hadi Thailand, Laos na Vietnam, na katika baadhi ya maeneo zaidi ya nusu ya wagonjwa waliotibiwa kwa dihidroartemisinini-piperakwini hawakupona. Tanga dawa hiyo ni chaguo la pili, hivyo plasmepsini haina haraka.

Lumefantrini ndiyo inayotuhusu. Katika jeni ya mdr1, inayotengeneza protini nyingine ya utando wa kifuko kilekile, lumefantrini huvipendelea vimelea vilivyobaki na N (asparajini) katika nafasi ya 86, yaani huviacha vikiishi zaidi ya wenzake, kinyume kabisa na klorokwini iliyovipendelea vyenye Y (tairosini). Hii si alama ya kushindwa kwa tiba. Karagwe, ambako K13 imebadilika, majaribio ya mwaka 2022 yaliiona Alu ikiponya zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa. Ndiyo maana alama ya mdr1 ina thamani pale tu inaposomwa pamoja na wagonjwa waliofuatiliwa hadi siku ya 28.

Ninachochagua

Kama ningekuwa na doa moja tu kwa kila mgonjwa, ningesoma kwanza sehemu ya rafadha ya K13, na katika doa hilohilo nafasi za 540 na 581 za dhps. Sampuli za wajawazito wanaokuja kliniki kwa mara ya kwanza, kabla hawajameza SP, zinafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu zinaonesha vimelea vinavyozunguka katika jamii bila kuchujwa na dawa ya wiki iliyopita. Fedha zikipatikana ningeongeza mdr1, lakini kwa wagonjwa wa jaribio la tiba pekee. Nafasi ya 164 ya dhfr ningeipima kwa sampuli chache kila baada ya miaka miwili au mitatu, kwa kuwa ikiingia itatubidi kuifikiria SP upya. Crt na plasmepsini ningeziacha zisubiri.

Doa lenyewe lisitumike lote. Nusu ikatwe, na nusu ibaki mfukoni pamoja na punje zake kavu, ikiwa na tarehe na jina la zahanati. Nchini Rwanda, R561H ilitangazwa mwaka 2020, lakini ilipatikana katika damu iliyokuwa imekusanywa Masaka mwaka 2014 na kuhifadhiwa.